Kabla Hujasema Dawa Imekataa

Siku za soko Daraja Mbili ni Jumatatu na Alhamisi, na anayetaka mahali pazuri pa kutandika bidhaa sharti afike kabla ya jogoo wa pili. Shangazi yangu alikuwa akitoka kwake upande wa Nyamira gizani, amekaa juu ya lori la ndizi, ili awahi kutandaza gunia lake palepale alipolitandaza kwa miaka mingi. Siku akichelewa kidogo alikuta gunia la mwenzake limeshakaa. Hapo hakuna kesi. Mahali pakishakaliwa pamekaliwa, na aliyechelewa hutafuta kona ya matopeni au hurudi na ndizi zake nyumbani.

Ninaanza na gunia kwa sababu ndilo lililonisaidia baadaye kuelewa ugonjwa uliomtoa sokoni.

Alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Akafanyiwa upasuaji, akapewa kemo, nywele zikaisha, akarudi kuuza ndizi amejifunga leso kichwani. Mwaka mmoja na ushei ukapita. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, na picha zikaonyesha kwamba saratani imeingia kwenye mifupa. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta uani akichambua mboga za chinsaga. Hakuinua uso.

"Mwanangu," akasema, "ile dawa imekataa."

Nimelisikia neno hilo mara nyingi Gusii yote, kuanzia kwenye matatu hadi kwenye mikutano ya mchango wa hospitali. Dawa imekataa, kama vile dawa ni mtu mwenye kiburi. Wanasayansi huiita hali hiyo usugu: uvimbe uliokuwa ukisikia dawa hausikii tena, au haukuisikia tangu mwanzo. Uvimbe ulio kwenye titi peke yake si rahisi kumuua mtu. Kinachoua ni ule uliohamia mifupani, mapafuni, kwenye ini au ubongo, ukafika mahali ambapo kila unachoupiga nacho unakipuuza. Makadirio ya wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2020 yalikuwa kwamba Wakenya 6,799 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti mwaka huo, na 3,107 wakafa kwayo. Hakuna saratani nyingine inayogunduliwa kwa wingi hivyo nchini.

Sasa turudi kwenye gunia.

Mwaka 1962, katika maabara za kampuni ya ICI huko Uingereza, mkemia aliyeitwa Dora Richardson alitengeneza kemikali iliyopewa namba 46,474. Kilichokuwa kikitafutwa ni dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilizuia. Kwa wanawake ilifanya kinyume kabisa, ikachochea mayai kutoka. Ingeweza kuishia jalalani. Lakini Arthur Walpole, aliyekuwa mkuu wa utafiti huo, akili yake ilikuwa kwenye saratani siku zote, na dawa ikapelekwa kujaribiwa katika hospitali ya Christie mjini Manchester. Matokeo ya kwanza kwa wagonjwa wa saratani ya matiti yakachapishwa mwaka 1971. Ndiyo tamoksifeni, kidonge kidogo ambacho hadi leo kimo kwenye orodha ya dawa muhimu za dunia, na kwa dawa za saratani ni katika zile zenye bei nafuu.

Kazi yake ni ya gunia. Chembe nyingi za saratani ya matiti zina vipokezi vya estrojeni, yaani vijikalio ambavyo homoni hiyo ya kike huja kukaa na kuiamuru chembe igawanyike. Tamoksifeni huwahi. Inatandaza gunia lake kwenye kikalio, na estrojeni ikifika inakuta pamekaliwa. Soko halifunguki, uvimbe unasinyaa au unalala.

Unalala, haufi. Baada ya miaka miwili, mitano, hata kumi, baadhi ya chembe huibuka na ujanja. Ujanja uliochunguzwa sana katika miaka hii ya karibuni uko kwenye jeni iitwayo ESR1, inayobeba ramani ya kutengeneza kile kikalio. Jeni hiyo ikibadilika, kikalio kinabadilika umbo na kuanza kutoa amri chenyewe, homoni iwepo isiwepo. Ni kama ufike Daraja Mbili ukute kibanda kinauza bila muuzaji. Huko hata ukiwahi alfajiri na gunia lako unajisumbua bure.

Wafugaji wetu wanaujua mchezo huu kuliko wanavyodhani. Ukimwogesha ng'ombe dawa ileile ya kupe mwaka baada ya mwaka, kupe wengi hufa, wachache wenye maumbile ya kuhimili hubaki, na hao ndio wanaozaa. Msimu unaofuata unanyunyiza na kupe wanakutazama tu. Dawa haikuwafundisha ukaidi, iliwaondoa wasio wakaidi.

Mengi tunayoyajua kuhusu usugu wa saratani ya matiti yalitoka kwa mtawa mmoja. Sista Catherine Frances wa Monroe, jimbo la Michigan, Marekani, alifariki mwaka 1970 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Maji yaliyokuwa yamejaa kwenye uwazi wa mapafu yake yalipelekwa kwenye taasisi ya saratani mjini Detroit, na mwaka 1973 watafiti wakatangaza kwamba chembe zake zimekubali kuishi na kuzaana kwenye chupa. Wakaziita MCF-7, ile saba, inaelezwa, ni kwa sababu walifaulu katika jaribio la saba. Bado zinakuzwa hadi leo katika maabara duniani kote. Watafiti huzilisha tamoksifeni kidogo kidogo kwa miezi hadi ziizoee, kisha huzichunguza ili wajue kilichobadilika. Mwanamke aliyeweka nadhiri ya useja ameacha chembe nyingi kuliko kizazi cha mtu yeyote. Nimewahi kulisema hilo mbele ya padri mmoja, akacheka hadi akavua miwani.

Kutokana na kazi ya namna hiyo zimezaliwa dawa mpya. Ya kwanza kuitaja ni elasestranti, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2023. Yenyewe haiishii kukikalia kikalio, inakivunja. Chembe inalazimika kukiharibu kikalio chenyewe, kama kaunti inapokuja na tingatinga badala ya kugombana na wauzaji. Ni kidonge, na hutolewa kwa wale ambao kipimo cha damu kimeonyesha kwamba jeni ya ESR1 imebadilika. Ndiyo, damu tu: vipande vya jeni za uvimbe huelea kwenye damu na vinaweza kusomwa bila kumchoma mtu mfupa.

Lakini tusidanganyane. Katika jaribio lililoipatia kibali, wagonjwa wenye mabadiliko hayo walikaa bila ugonjwa kusonga mbele kwa miezi 3.8 ukichukua yule wa katikati, dhidi ya miezi 1.9 kwa waliopewa dawa za zamani. Ni mara mbili, na kwenye kichwa cha habari inapendeza. Kwenye kalenda ya ukutani ni wiki nane. Halafu wagonjwa wote wa jaribio lile walikuwa tayari wamepitia kundi jingine la dawa ghali ambalo wanawake wengi wa Kisii na Nyamira hawajawahi kulisikia. Dawa mpya ni ngazi ya juu. Haipandwi na mtu aliyenyimwa ngazi za chini.

Iliyonivutia zaidi ni ile inayouzwa kwa jina la Enhertu. Hapa lazima nieleze kwanza HER2. Baadhi ya chembe za saratani hubeba nakala nyingi mno za jeni hiyo, na ngozi yake hujaa vipokezi vinavyopiga kelele ya "gawanyika, gawanyika", kama safu ya wauza mitumba kila mmoja na spika yake. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha Herceptin, kingamwili inayokwenda kuziba spika hizo. Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa ameipigania kwa miaka mingi. Ilibadilisha maisha. Usugu nao ukaja, kama kawaida yake.

Enhertu inatumia kingamwili hiyohiyo kama mkokoteni. Inaubebesha sumu kali, sumu ambayo ukiimwaga kwenye mshipa peke yake ingemdhuru mgonjwa kabla ya uvimbe. Mkokoteni unajisukuma hadi kwenye chembe yenye HER2, unaingizwa ndani, unashusha mzigo. Na mzigo ukishushwa, sehemu yake humwagikia majirani, hata wale wasiokuwa na spika. Hapo ndipo palipo na siri. Juni 2022, katika mkutano mkubwa wa madaktari wa saratani mjini Chicago, Shanu Modi wa New York alisoma matokeo ya wagonjwa 557 ambao HER2 yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba zamani wangeandikiwa "hasi" na faili kufungwa. Waliopewa Enhertu waliishi miezi 23.4 kwa yule wa katikati, dhidi ya 16.8 kwa waliopewa kemo ya kawaida. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Madaktari si watu wa kusimama ovyo.

Yasome tena matokeo hayo, maana ndiyo yaliyonirudisha kwa shangazi. Waliosaidika ni watu waliokuwa wakiandikiwa "hasi". Dawa ilipatikana, lakini kwanza mtu alilazimika kurudi kwenye kipande cha nyama na kukisoma upya kwa makini.

Kipande cha shangazi kilisomwa hivi. Alitolewa sampuli siku ya Ijumaa katika hospitali ambayo sitaitaja, akapewa kichupa cha plastiki akipeleke mwenyewe maabara ya mji mwingine. Maabara ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Kichupa kikalala kwenye mkoba wake siku tatu, pamoja na Biblia, simu na risiti za ushuru wa soko. Majibu yalipotoka yalisema hasi, hasi, hasi: hakuna kipokezi cha estrojeni, hakuna cha projesteroni, hakuna HER2. Aina hiyo huitwa hasi tatu, na tiba yake kuu kwa miaka mingi imekuwa kemo. Hakuna aliyemwandikia tamoksifeni. Kwa majibu yale, daktari wake alifanya sawasawa.

Saratani iliporudi, daktari wa pili, kijana mpole mwenye maswali mengi, alimuuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Mama, kile kichupa kilikuwa na harufu? Harufu kali, ya kuchoma macho?"

"Hapana, mwanangu. Yalikuwa maji tu."

Yalikuwa maji ya chumvi. Nyama ya uvimbe inatakiwa iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu itoke mwilini, ikae humo kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Hicho ndicho kipimo kinachofuatwa duniani. Ikichelewa, protini zake huanza kuoza, na vipokezi ni protini. Mtaalamu anapoipaka rangi baadaye haoni kitu, si kwa sababu havikuwapo bali kwa sababu vimekwisha. Anaandika "hasi". Naye hajakosea, ameandika alichokiona.

Suala hili si la shangazi peke yake. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba saratani ya matiti ya wanawake wa Afrika ni ya aina nyingine, kaidi kwa maumbile, na nyingi ni hasi tatu. Mwaka 2014 Shahin Sayed na wenzake wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliokusanya sampuli kutoka sehemu mbalimbali za Kenya na kuzishughulikia inavyopasa. Karibu robo tatu zilikuwa na kipokezi cha estrojeni. Hasi tatu zilikuwa moja kati ya tano hivi. Hiyo moja kati ya tano ipo, ni kali, na inawaua mabinti wadogo. Sisemi ni hadithi. Lakini umesikia? Robo tatu. Ina maana kwamba wengi wa mama zetu wanaosota na kemo moja baada ya nyingine huenda wana kikalio ambacho gunia la bei nafuu lingetosha kukikalia, angalau kwa miaka kadhaa. Uvimbe wa namna hiyo huwezi kusema umeikataa dawa. Haujawahi kupewa.

Ndiyo maana huwa nasita kila niulizwapo kama Kenya inahitaji dawa mpya au vichupa vya fomalini. Inahitaji vyote, na utafiti wenyewe unategemea vichupa. Katika Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Thika, Francis Makokha ameshirikiana na wanasayansi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani kusoma jeni za uvimbe wa matiti wa Wakenya. Mwaka 2023 walichapisha ulinganisho wake na uvimbe wa Wamarekani weusi na weupe, na mifumo ya mabadiliko haikufanana yote. Aga Khan Nairobi wana kitengo cha majaribio ya dawa kwa binadamu, kazi iliyosukumwa na Mansoor Saleh, ili Mkenya asisubiri hadi dawa izeeke Ulaya ndipo imfikie. Na huko Harare, Collen Masimirembwa amekuwa akionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba Waafrika wengi wana umbile fulani la kimeng'enya cha ini, lile lile ini linalotakiwa kuigeuza tamoksifeni kuwa na nguvu kamili. Kwa wenye umbile hilo kimeng'enya ni kizito. Huenda basi kuna mwanamke anayemeza kidonge chake kila siku bila kukosa, na bado gunia halitandiki vizuri. Dozi ya Manchester haikupimwa kwa ini la Nyamira. Kazi zote hizi zinaanzia kwenye nyama iliyohifadhiwa au damu iliyochukuliwa vizuri. Nyama iliyooza haina jeni ya kusoma.

Majengo tunayapenda. Kituo cha saratani cha Kisii, kilichopangiwa mkopo wa benki ya Kiarabu ya BADEA na Mfuko wa Saudia, kimezungumziwa tangu enzi za Gavana James Ongwae, na wanasiasa wamepiga picha mbele yake vya kutosha. Kichupa cha fomalini hakuna anayekikatia utepe.

Kuna hatua zilizopigwa, niseme haki. Oktoba 2025 serikali ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche kwamba Herceptin, iliyokuwa ikimgharimu mgonjwa Sh120,000 kwa kila awamu, ishuke hadi Sh40,000, nazo zilipwe na bima ya SHA. Tiba kamili ni awamu 18, moja kila wiki tatu. Piga hesabu mwenyewe: zamani ilikuwa zaidi ya milioni mbili, yaani shamba la chai na ng'ombe juu. Ila kwenye mlango wa ofa hiyo kuna karatasi inayoulizwa kabla ya jina lako: majibu ya HER2. Aliyeandikiwa "hasi" kwa makosa ya kichupa hapiti.

Hofu ya kisu nayo ipo. Sokoni utaambiwa kwamba uvimbe ukichomwa sindano unakasirika na kusambaa, na anayekuambia hivyo ana chupa ya mitishamba mkononi. Sina ugomvi na magome ya miti. Dawa ya kemo iitwayo paklitakseli ilianza kama gome la mti wa Marekani lililokusanywa mwaka 1962. Ila ilichukua miaka 30 ya kuchuja, kupima na kujaribu hadi ilipoidhinishwa, na yule wa chupa sokoni ameichemsha yake jana. Kuhusu kisu, watu wa Gusii ndio hasa wasiopaswa kukiogopa. Ababari wetu walikuwa wakifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, wanakwangua mfupa, na mtu anaishi. Daktari Edward Margetts wa Kanada aliwaandikia wasomi wa dunia habari zao. Wajukuu wa watu hao wasitishwe na sindano ya biopsi.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, au dada yako, au mkeo: siku ya kutolewa sampuli, uliza kichupa kina nini na kimeandikwa nyama iliingia saa ngapi. Usikinuse, fomalini ni sumu, uliza tu. Ukiambiwa ukipeleke mwenyewe, uliza maabara inafunguliwa lini kabla hujaondoka. Majibu yakija, hakikisha yana mistari mitatu, estrojeni, projesteroni na HER2, na uyatunze kama hati ya shamba. Saratani ikirudi, omba sampuli mpya ichukuliwe na ipimwe upya, kwa sababu uvimbe uliohamia mfupani huweza kuwa na tabia tofauti na ule wa titi. Na usiache dawa kimya kimya kwa sababu ya nauli au ya joto la mwili linalopanda usiku. Mwambie daktari.

Sampuli ya pili ya shangazi ilitoka na estrojeni chanya, ya nguvu. Akaandikiwa tamoksifeni. Daktari alimweleza wazi kwamba ipo siku itakataa kweli, na siku hiyo ndipo hizi dawa mpya zitakapotafutwa kwa udi na uvumba. Huu ni mwaka wa tatu anameza kidonge kimoja kila jioni baada ya chakula. Soko la Jumatatu amemwachia bintiye. La Alhamisi bado ni lake.